Fundi wa Boti Anajibu: Skrini inazima nikipiga stata

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu fishifainda, ile mashine yenye skrini inayotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, na karibu yote wenye boti wameshaambiwa na mtu kwamba mashine imekufa. Mimi bado sijaona mashine iliyokufa hapa, nimeona nyaya tu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Boti yangu ni ya futi 24, nimefunga fishifainda mpya kwenye usukani. Tukiwa tumezima injini inafanya kazi safi kabisa, ila nikipiga stata tu inazima halafu inajiwasha upya yenyewe. Majuzi tulikuwa juu ya kundi la samaki, nikawasha injini nisogee kidogo, ikazima, mpaka irudi kundi silioni tena. Aliyeniuzia anasema niirudishe. Unanishaurije?

JIBU: Usiirudishe kwanza mkuu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6 hivi, lakini stata ni mlafi, kwa zile sekunde mbili tatu anazozungusha injini betri inaweza kushuka mpaka 10 au chini yake, na skrini nyingi zikifika maeneo hayo zinakata zenyewe (kiwango cha yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, kile ulichokitupa pamoja na boksi).

Sasa chukua mita, weka kwenye volti za DC, na usipime kwenye betri tu kama wengi wanavyofanya. Pima palepale waya unapoingia kwenye skrini, mwenzako apige stata wewe macho kwenye mita. Kisha rudia kwenye vichwa vya betri. Ikiwa betri imebaki 11 na kitu na kule kwenye skrini umeona 9 na nusu, basi betri haina kosa, umeme unapotelea njiani, na ukiona betri yenyewe ndiyo inaporomoka, basi ama imechoka au inabebeshwa kazi mbili.

Za njiani kwanza. Chukulia mashine inakula wati 30, hiyo ni ampea 2.5. Kutoka betri hadi usukani mita 7, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu mita 14 siyo 7, hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ukivuta waya mwembamba wa milimita mraba 1.0 unapoteza kama volti 0.6 kabla hata hujafanya lolote, ukivuta wa 4 unapoteza 0.15 tu. Ongeza na kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa seloteipu, ambacho ukikifungua unakuta shaba imegeuka kijani mpaka ndani ya mpira, basi hapo umemaliza habari. Tumia waya wa boti wenye nyuzi zilizopakwa bati, bana viungio kwa koleo lake, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto ule wenye gundi ndani. Fyuzi ikae karibu na betri, siyo karibu na skrini, maana fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto.

Kama tatizo ni betri yenyewe, weka ya pili kwa ajili ya vifaa na ya kwanza muachie stata. Hata ukinunua skrini nyingine, kwa betri moja iliyochoka itazima vilevile.

SWALI: Kaka fundi, nimeongeza skrini ya pili kule nyuma tunapovutia nyavu. Nimeziunganisha kwa mfumo wa NMEA 2000, ule waya wa vifaa vya boti kupashana data. Ya nyuma inaonyesha kina, joto la maji na spidi, lakini picha ya samaki haiji. Halafu kuna wakati data zote zinapotea, zinarudi zikipenda.

JIBU: Hapa una matatizo mawili tofauti kaka, usiyachanganye.

Picha haitakuja kwa njia hiyo hata ukikesha. NMEA 2000 inapitisha kilobiti 250 kwa sekunde, imetengenezwa kubeba habari fupi fupi kama "kina mita 32", "maji nyuzi 27". Picha ya sona, yaani hiyo ya samaki inayochorwa kwa sauti, ni mzigo mwingine kabisa, inahitaji kebo ya Etaneti, ambayo ile ya kawaida ya megabiti 100 ni kama mara 400 zaidi. Na hata ukiwa na kebo, hakikisha skrini zote mbili ni za kampuni moja na kwamba modeli zako zinakubali kushirikiana sona, maana vile vidogo vya bei rahisi mara nyingi havina kabisa tundu la Etaneti, na hapo hakuna ufundi utakaosaidia.

Hili la data kupotea ndilo tamu. Mfumo huu una waya mkuu mmoja, vifaa vinaning'inia juu yake kwa viungio vya T, kila kimoja na kamba yake fupi isiyozidi mita 6. Siyo kutoka kifaa hiki kwenda kile kwenda kile kama shanga. Kila mwisho wa waya mkuu, yaani ncha mbili tu, panakaa teminata, yaani kizibo chenye ukinzani, ya omu 120. Zima umeme wa mfumo wote, chomoa kamba ya kifaa kimoja kwenye T yake (waya mkuu usiuguse), weka mita kwenye omu, kisha upande wa T gusa pini ya waya mweupe na pini ya waya wa bluu. Ukisoma 60 uko sawa. Ukisoma 120 teminata moja haipo au waya mkuu umekatika. Ukisoma 40 kuna ya tatu imejificha mahali, maana vifaa vingine vinakuja nayo ndani na mfungaji hakujua. Mfumo wenye 120 huwa unafanya kazi kwa kusuasua, na ndiyo maana zako zinarudi zikipenda.

Umeme wa mfumo huo nao uingie sehemu moja tu, na fyuzi yake.

SWALI: Mimi yangu inaonyesha chenga tupu nikikanyaga mafuta, na nikienda kasi sakafu ya bahari inapotea. Ni waya?

JIBU: Chenga ni waya, sakafu kupotea siyo. Ukienda kasi mapovu yanapita chini ya transdyusa (kile kipande cha chini ya boti kinachotuma na kupokea sauti) na sauti haipenyi mapovu, kwa hiyo ishushe kidogo, isogeze mbali na propela na mbali na mistari au misumari iliyojitokeza chini ya boti.

Chenga sasa. Chomeka mashine kwenye betri ndogo ya pembeni isiyounganishwa na kitu kingine chochote. Zikiisha, zinaingia kwa njia ya umeme. Zikibaki, zinaingia kwenye kebo ya transdyusa, na nina hakika umeifunga pamoja na waya za injini na kebo ya antena ya redio kwa tai moja ili ionekane nadhifu. Nadhifu hapa ni adui. Ipitishe upande wake peke yake, na pale inapolazimika kukatiza nyaya nyingine ikatize kama msalaba, isitembee nazo sambamba. Na kama boti ya jirani ina mashine ya masafa yaleyale, tuseme kilohezi 200 na yako 200, mtasikilizana tu, badilisha masafa.

SWALI: Kebo ya transdyusa imenibakia mita 5, nikate?

JIBU: Hapana. Ukikata na kuunga umekaribisha maji na chenga kwa pamoja. Ikunje mizunguko mikubwa iliyolegea, ifunge mahali pakavu, basi.