Machicha ya bia badala ya mashudu kwa ng'ombe wa kunenepesha

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Sengerema, nina maksai 14 wa Kisukuma ninaowanenepesha ili niwauze baada ya miezi mitatu. Kila mmoja ana kilo kama 250. Mashudu ya pamba (masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) yamepanda bei, nimebaki na pumba za mahindi na majani makavu ya mpunga. Jirani yangu huchukua machicha (masalia ya shayiri iliyotengenezewa bia) kiwanda cha bia Mwanza na kuwamwagia ng'ombe wake wale mpaka wachoke. Je, machicha yanaweza kuziba pengo la mashudu? Niwape kilo ngapi? Na dagaa je?

Jibu: Yanaziba, tena vizuri, mradi ukumbuke kwamba sehemu kubwa unayolipia ni maji. Machicha yakitoka kiwandani, katika kila kilo 100 karibu 78 ni maji. Kilo 22 zinazobaki ndizo chakula, na kama robo yake ni protini. Wanga wa shayiri umekwenda kwenye bia. Protini na nyuzinyuzi zimebaki, ndiyo maana machicha yaliyokauka yana protini karibu mara mbili ya shayiri yenyewe.

Piga hesabu hivi. Kilo moja ya machicha mabichi ina protini gramu 50 na kidogo. Kilo ya mashudu yenye maganda ina kama 225. Yaani kilo nne na ushee za machicha ndizo zinazolingana na kilo moja ya mashudu. Jumlisha nauli: kilo ya machicha ikikufikia zizini kwa zaidi ya robo ya bei ya kilo ya mashudu, nunua mashudu.

Usijaribu kuwanenepesha kwa pumba na majani ya mpunga peke yake. Pumba za mahindi zina protini asilimia 10 hivi, majani ya mpunga 4. Mlo mzima unaangukia kwenye 8, na maksai wa kunenepeshwa anahitaji kama 12. Protini ikipungua, vijidudu vya tumboni vinavyomsagia majani navyo vinadhoofika, hamu ya kula inashuka, na pumba ulizonunua kwa pesa zinaishia kwenye mavi. (Pumba za mpunga za mashine za vijijini ni mbaya zaidi, maana nyingi zimechanganyika na maganda.)

Kwa maksai wa kilo 250, anza na mpango huu kwa siku: machicha mabichi kilo 8, pumba za mahindi kilo 3, majani ya mpunga kilo 2 na robo. Hapo unafikia ile asilimia 12. Usiwape vyote siku ya kwanza. Anza na kilo 2 za machicha, upandishe taratibu kwa wiki mbili. Kwa mlo huu ng'ombe wa Kisukuma mwenye afya, aliyepewa dawa ya minyoo, anaweza kuongeza nusu kilo hadi robo tatu ya kilo kwa siku.

Jirani yako anapoteza pesa. Protini inayozidi mahitaji haigeuki nyama. Nyingi inatoka kwenye mkojo. Na tumbo likijaa maji ya machicha, nafasi ya pumba inapungua. Mimi sivuki kilo 10.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni chokaa, inayoleta kalisiamu. Pumba na machicha vyote vina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo, na mlo wa namna hiyo huleta vijiwe kwenye njia ya mkojo. Maksai ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu njia yake ni nyembamba. Ukimwona anajikamua, anatikisa mkia na mkojo unatoka matone, mwite daktari siku hiyohiyo. Kinga ni chokaa ya mifugo gramu 80 hivi kwa kila mmoja kila siku, si ile ya kupaka ukuta, pamoja na chumvi na maji ya kunywa muda wote.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi, kwenye njia ya Mwanza kuja Sengerema, lifunguliwe mwaka 2025, lori halisubiri tena kivuko, na hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu kwa joto la huku machicha yaliyoachwa wazi yanaanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Ukileta shehena kubwa, changanya kila kilo 100 na pumba kilo 15, shindilia kwenye shimo lenye plastiki au kwenye mapipa mpaka hewa itoke, funga kabisa, fungua baada ya wiki tatu. Pumba hizo zihesabu ndani ya zile kilo 3. Palipoota ukungu pafukue utupe.

Dagaa wana protini nzuri, lakini kwa bei yao, na mchanga wa wale wanaoanikwa chini, waachie kuku.