Chili kwenye moto wa kuni: acha moto ukupangie zamu

Chili niliyoiharibu kuliko zote haikukosa kitu. Nyama ilikuwepo, nyanya zilikuwepo, pilipili kavu za kutosha na maharage mekundu makubwa yaliyong'aa kama shanga. Nilitupia vyote kwenye sufuria kwa mkupuo, nikaipandisha juu ya mawe matatu, nikajaza kuni mpaka ndimi za moto zikawa zinalamba mifuniko. Saa mbili baadaye chini ilikuwa imeshika, juu maharage yanagoma kutafunika, na wageni wamekaa kwenye magogo wakiniangalia kwa huruma. Tulikula mkate mkavu usiku ule.

Kwa anayelijua neno hili kama pilipili tu: chili ninayoisema ni mchuzi mzito wa nyama na pilipili kavu, asili yake Texas, Marekani, ambako tangu 1977 ni chakula rasmi cha jimbo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake waliiuza usiku kwenye viwanja vya San Antonio, ikapata umaarufu kutokea hapo. Wenyewe Texas wengi wanashikilia kwamba chili ya kweli haina maharage hata punje. Mimi natia, tena mengi, kwa sababu mfuko wangu hauna uzalendo wa Texas. Akitokea Mtexas karibu na moto wako, mwambie ni mchuzi wa maharage, yaishe.

Kinachokula pesa hapa ni nyama. Kwa watu wanane hadi kumi natumia nusu kilo ya nyama na nusu kilo ya maharage makavu. Maharage hayo yakishaiva yanazidi kilo moja, kwa hiyo sufuria inajaa bila mtu kujiona amepunjwa. Nyama yenyewe usinunue steki. Chukua muundi au shingo, ile yenye kano na utando ambayo kwenye kikaango cha haraka ingekuchosha taya. Ikichemka taratibu kwa muda mrefu, zile kano zinayeyuka na mchuzi unashikana vizuri. Ikate vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba. Ya kusaga inafaa, ila inapotelea kwenye mchuzi, na ukiwa umetia kidogo unataka kila mtu aione ya kwake.

Sasa moto, maana ndipo nilipokosea. Jiko la gesi linakupa moto mkubwa au mdogo muda wowote utakao. Kuni hazikupi hiari hiyo. Moto wa kuni una umri: unaanza na ndimi, unatulia, unakuwa makaa, unaishia majivu. Nilipoacha kushindana nao na kuanza kupanga mapishi kwa kufuata umri huo, chili ilianza kuiva yenyewe.

Moto ukiwa mchanga na mkali, weka maharage. Yawe yamelowekwa tangu jana yake, na maji ya kulowekea uyamwage. Hapa sitanii: maharage mekundu makubwa yakiwa mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Inayoiondoa ni mchemko mkali. Dakika 10 za kutokota kwelikweli ndizo za chini kabisa, mimi naenda nusu saa. Kuyaacha kwenye moto dhaifu usiofikisha mchemko ni hatari zaidi, kwani joto dogo linaweza kuiongeza sumu badala ya kuimaliza. Ndiyo maana zamu ya kwanza ni yao, wakati ndimi bado zina nguvu. Baada ya hapo yaendelee kuchemka mpaka ukibonyeza punje kati ya ulimi na kaakaa inapondeka bila ubishi.

Nyanya zisubiri. Ukali wa nyanya unayafanya maharage yagome kulainika, na ukishazitia mapema unaweza kuchoma mzigo mzima wa kuni bila kuona tofauti. Hili lilinigharimu ile sufuria ya kwanza, na nililijua baada ya kuwalaumu wauza maharage bila kosa lolote.

Wakati maharage yanachemka, pembeni kunakuwa na makaa machache. Vuta kidogo upande mmoja kwa kijiti, halafu laza juu yake nyanya nzima, kitunguu kilichokatwa katikati na ganda lake, na pilipili hoho moja. Ziache ziungue ngozi mpaka ziwe nyeusi na kuanza kutoa maji yanayochirizika na kulia kwenye makaa. Ngozi utaimenya kwa vidole, vipande vichache vyeusi vikibaki hakuna neno. Watu husifia sana ladha ya moshi kwenye chakula cha kuni, lakini kwenye sufuria iliyofunikwa, moshi hauingii. Ukiutaka, uupate hapa.

Pilipili kavu nazipitisha kwenye kikaango kikavu sekunde chache tu, mpaka zinukie. Zikibadilika rangi kuwa nyeusi zimeshakuwa chungu, tupa. Zile zilizofaulu naziloweka kwenye maji ya moto, kisha naziponda pamoja na vitunguu saumu. Kama huna muda, pilipili ya unga inatosha.

Moto ukianza kutulia, maharage yaepue na uweke sufuria nyingine, au ileile ukishayahamisha. Mafuta kidogo, nyama iingie kwa mafungu mawili au matatu. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka, nawe unataka ikaangike mpaka iwe ya kahawia na kuacha ukoko chini. Ule ukoko ndio utamu unaofanya nyama kidogo ionekane nyingi. Kisha kitunguu na hoho vilivyochomwa, pilipili zilizopondwa, na vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba. Bizari nyembamba ndiyo inayoifanya chili inukie chili. Ukiikosa utakuwa na mchuzi mzuri wenye jina lingine. Tia nyanya, bandua ukoko kwa mwiko, rudisha maharage na sehemu ya maji yake, chumvi.

Kuanzia hapa usiongeze kuni chini ya sufuria. Vuta vinga nyuma, viendelee kuwaka pembeni vikikutengenezea makaa mapya, na chini ya sufuria yabaki makaa tu. Unataka povu moja moja linalopanda juu na kupasuka kama mtu anayesinzia. Likianza kurukaruka, makaa yamezidi, yatawanye. Koroga kila baada ya dakika kumi hivi, mwiko ukifika mpaka pembeni mwa chini, kwa sababu chili nzito hushika kimyakimya. Saa moja na nusu hadi mbili, nyama itakuambia.

Ikishika, na ipo siku itashika, usikwangue chini. Mimina ya juu kwenye chombo kingine taratibu, iliyoganda ibaki ilipo, uendelee kama hakuna kilichotokea. Harufu ya kuungua inasambaa pale tu unapoikoroga kwa hofu. Ikiwa nyepesi, koroga kijiko kimoja cha unga wa mahindi na maji baridi, tia dakika kumi za mwisho. Hilo hata Texas wanalikubali.

Kuhusu kuni, ziwe kavu na ngumu. Kavu ukizigonganisha zinalia, mbichi zinatoa mlio mfu. Mbao zenye rangi au zilizotiwa dawa usizichome kamwe chini ya chakula. Na mawe ya mafiga yasitoke mtoni, yanaweza kuwa na maji ndani na yakapasuka yakipata moto.

Kabla ya kuinjika, nje ya sufuria paka sabuni ya kuoshea vyombo, nyembamba tu. Masizi yatatoka na maji badala ya kukumaliza kwa steeliwaya. Chili inayobaki ipoe na iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho itakuwa tamu zaidi, hilo nisingebishana nalo. Makaa yamwagie maji, yakoroge na majivu, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukisikia joto, bado hujamaliza.