"Mbwa yangu anajua kosa yake": docta wa nyama anajibu mama mumoja wa Himbi

Swali: Docta, salamu. Niko Himbi, hapa Goma. Tuko na mbwa dume wa miaka 3, alikuwa mupole kabisa na watoto. Tangu mwaka 2025 ulianza, banki zikafungwa, kazi ya bwana yangu ikasimama, anashinda ku nyumba, usiku halali, sauti inapanda juu ya kitu kidogo tu. Mbwa naye akabadilika. Anakojoa mu salo, anatafuna kandambili, mutu akibisha ku mulango anatetemeka. Bwana yangu akirudi toka inje akikuta vile, mbwa anainamisha kichwa, masikio inalala, anaingia chini ya meza, donc anajua kosa yake, na bwana anamupiga mukaba. Juma iliyopita mbwa alimungurumia na akaonyesha meno. Jirani anasema amechukua roho mubaya ya nyumba. Kijana mumoja anataka dola 50 amubebe wiki mbili "kumuvunja", atarudi anasikia. Tufanye nini? Na ni kweli stresi ya mutu inaingiaka mu mbwa?

Jibu: Mama, pole na yale munapitia, na asante umeuliza mbele ya kulipa huyo kijana. Usimulipe. Nitafika kwake.

Wacha nianze na ile neno "anajua kosa yake", juu ndiyo minasikiaka karibu kila mara mutu ananiletea mbwa, awe wa Himbi, wa Ndosho ao wa Majengo. "Docta muangalie, anajua." Hajui. Na hii imani ndiyo inafanya mbwa wengi wa hapa wapigwe kila siku na watu wazuri, watu wenye kupenda mbwa yao kabisa, juu mutu akiamini mbwa alifanya kwa kusudi na haya inamushika, mukaba inaonekana ni haki.

Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mwalimu wa chuo kikuu kule New York, alipima hii kitu na mbwa 14. Mwenye mbwa anaweka kitu kitamu chini, anamukataza mbwa, anatoka. Wakati mwengine mbwa anakula, wakati mwengine ile chakula inaondolewa, mbwa hakugusa kitu. Mwenyewe akirudi anaambiwa "alikula" ao "hakula", na mara zingine anaambiwa uongo. Sasa ile sura ya kichwa chini na macho ya pembeni ilitokea lini? Pale mwenyewe anakaripia. Mbwa kula ao kutokula haikubadilisha kitu, na wale hawakukula kabisa lakini wakakaripiwa bure ndio walionyesha ile sura zaidi.

Donc ile sura unaona chini ya meza siyo haya, ni jibu ya uso ya bwana yako. Kandambili ilitafunwa asubuhi, bwana anaingia saa sita, mbwa ameshasahau kandambili zamani, anachosikia ni hatua za miguu kule inje, pumzi, bega zimepanda, mukono unaenda ku mukaba. Tena ameshajifunza kwamba mukojo chini pamoja na baba kuingia ni fimbo. Mutoto akimwaga maji mu salo mbwa atainamisha kichwa vile vile, na hapo atakuwa na kosa gani? Na ile mukojo yenyewe, mama, nyingine ni woga. Kuko mbwa wakiona mutu anawasimamia juu kwa hasira wanachuchumaa na mukojo unatoka wenyewe, ndiyo namna yao ya kuomba amani. Ukimupiga hapo unaongeza mukojo ya kesho.

Sasa kama stresi ya mutu inaingiaka mu mbwa: ndiyo, na roho mubaya haiko ndani. Mu inchi ya Sweden, watu wa chuo kikuu cha Linköping walipima kortizoli, ile ormoni ya stresi, ndani ya nywele za mbwa 58 na nywele za wenyewe, juu nywele inatunza stresi ya miezi, siyo ya siku moja. Walitoa matokeo mwaka 2019: pale kortizoli ya mutu ilikuwa juu muda murefu, ya mbwa pia ilikuwa juu. Na kule Belfast, mu Ireland ya Kaskazini, mwaka 2022 wachunguzi wengine walikamata jasho na pumzi ya watu mbele na kisha ya kuwapa hesabu ngumu ya haraka, wakafundisha mbwa wane kuchagua ile ya stresi, wakaichagua karibu kila mara. Pua tu, bila kuona mutu. Bwana yako anaweza kunyamaza, anaweza kucheka na wageni, mbwa atajua.

Lakini usibebe hii kama hukumu, kusema ni nyinyi mulimuharibu. Nusu ya ile munaona, kadiri minavyoona kwa mbwa wengi wa huu mji tangu ile Januari ya vita, inatoka ku saa. Mbwa anaishi kwa saa. Zamani watu walikuwa wanatoka asubuhi, nyumba inatulia, analala, jioni wanarudi, anakula. Mbwa mukubwa anahitaji kulala nusu ya siku na zaidi. Sasa watu wako pale siku nzima, redio inalia, simu inalia, mulango unafunguka mara mia, usiku mwenye nyumba anatembea mu koridoo na mbwa anaamka naye, chakula leo saa nne, kesho saa kumi juu pesa ilichelewa. Halali, hajui kitu gani kinafuata. Mutu naye angetetemeka. Na ile milio ya silaha tulisikia sisi wote, yeye aliisikia kwa masikio yenye nguvu kupita yetu na hakuna mwenye alimuelezea.

Mbele ya yote, mulete apimwe mwili. Hii watu wanaruka kila mara wakishaamua ni tabia. Mbwa mwenye kungurumia mutu wakati anaguswa anaweza kuwa na jino imeoza, sikio yenye usaha, ao mukato chini ya mukono, na hapa kwetu ile mawe ya volkano inapasua nyayo za mbwa hata hauoni damu. Kuko pia magonjwa ya kupe, na kuko mukojo wenye maambukizi, ule unamwagika mu salo juu hawezi kuushikilia. Kama mwili uko sawa, ndiyo tunaingia mu nyumba.

Mu nyumba minaomba vitu vichache na minaviomba kwa bwana yako, siyo kwako peke yako. Mukaba iishe leo. Chakula, hata kama ni bugali kidogo na vichwa vya sambaza, itoke saa ile ile kila siku, na yeye baba ndiye amupe, kila siku, bila kumuita kwa nguvu, bila kumuinamia, aweke sahani aende. Kona moja ya nyumba iwe ya mbwa, akiingia pale hakuna mutoto wala mukubwa anamugusa. Asubuhi mapema amutembeze kwa kamba pole pole, na hapa nitasema kitu nimeona kwa wababa wengi wenye kazi ilisimama: ile kutembea inatuliza mutu mbele itulize mbwa. Kandambili zipandishwe juu. Mukojo ufutwe bila neno. Hesabu majuma, siyo siku.

Na kunguruma musimupige juu yake, hata mara moja. Mbwa anasoma uso yenu sawa mutoto anavyosoma uso ya mama mbele ya kuomba kitu, na kunguruma ndiyo neno yake moja tu ya kusema "niache, minaogopa". Mbwa mwenye alipigwa mpaka akaacha kunguruma hajapona, amenyamaza tu, na huyo ndiye mwenye anauma siku moja bila kuonya, na watu wanasema "aliuma bure, alikuwa mupole sana". Nimeshona midomo ya mbwa waliopigwa fimbo na nimeona mashavu ya watoto wa parsele ile ile, na hadithi ilikuwa moja.

Sasa huyo kijana wa dola 50. Atawaambia mbwa anatafuta kuwa shefu wa nyumba, lazima avunjwe ajue nani anatawala. Hii maneno ilitoka mbali. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alieleza mbwa mwitu wa baridi, wale wanaitwa loup, wenye kufungwa mu bustani ya nyama kule Basel, wanyama wasiojuana wamefungiwa pamoja, lazima wapigane, na watu wakachukua ile kuwa sheria ya mbwa wote. David Mech, Mumarekani aliyesambaza hii neno ya shefu kupita wengine, alienda kuangalia mbwa mwitu huru mu pori na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba lile kundi ni baba, mama na watoto wao, hakuna vita ya ufalme. Miaka imepita na hapa Goma bado mutu anauza ile uongo kwa dola. Na mwaka 2020 wachunguzi wa Portugal walilinganisha mbwa 92 wa mashule ya kufundisha: wale wa kuvutwa shingo na kukaripiwa walikuwa na stresi zaidi wakati wa masomo, na kortizoli yao ilipanda kisha ya masomo, kupita wale wa kupewa zawadi.

Minajua vizuri "kumuvunja" inafanyikaka namna gani, juu wananiletea wale wamerudi. Sanduku ya giza muchana kutwa, watu wasiojulikana wanakuja kumuchokoza na fimbo, pilipili mu chakula, wengine wanaweka baruti, wengine bangi, wengine wanakata masikio na wembe bila dawa ya kulaza. Pilipili inaunguza tumbo, mbwa anahara, anakonda. Baruti ni sumu. Kukata masikio inaleta vidonda na mainzi. Ukali unaona kisha ya hapo ni woga tupu, na mbwa mwenye woga hachagui mwizi, anauma mwenye iko karibu, na mwenye iko karibu ni mutoto wako anayeokota mupira.

Minaelewa watu wanataka ulinzi, usiku ya huu mji sote tunaijua. Lakini kazi ya mbwa wa nyumba ni kubweka mapema muamke, na mbwa aliyelala vizuri, aliyekula, mwenye kuwaamini nyinyi, ndiye anabweka pale kuko sababu. Mwenye kuogopa anabweka kila jani, na mwisho munaacha kumusikiliza.

Jambo lingine, dawa za farmasi. Musimupe Valium mutulize mbwa wenyewe, mbwa wengine inawaondolea tu ile breki ya kuogopa kuuma. Diclofenac na ibuprofeni zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Na wenye paka: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kuua paka. Paka naye anasikia nyumba ikiharibika, mara mingi yeye anaonyesha kwa mukojo, anaenda mara mingi na inatoka kidogo, pengine na damu. Paka dume akikaza na hakuna kitu kinatoka, usingoje kesho asubuhi.

Na hii ya mwisho ndiyo inanikosesha usingizi kupita zote, juu siku hizi kila mbwa akibadilika tabia watu wanasema ni stresi ya nyumba, ao ni pepo, na wanabaki wanamuangalia. Mama, yako alianza kubadilika tangu miezi, kichaa cha mbwa kingeshamuua, mbwa akionyesha dalili za ile ugonjwa hapitishi karibu siku kumi. Lakini wengine mwenye kusoma hapa: mbwa mukali akianza ghafla kupenda kila mutu, mupole akianza kuuma mawe na hewa, sauti ikibadilika, mate ikishuka, akishindwa kumeza, musiweke mukono mu kinywa kutafuta mufupa umekwama. Fungeni mulango, muite veterineri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa kinaua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Azia, na karibu 40 kwa mia ndani yao ni watoto wa chini ya miaka 15, na dalili zikishaanza kwa mutu hakuna dawa ya kumurudisha.

Mutu akiumwa, hata kama ni mukwaruzo, hata kama ni mbwa wa nyumba: maji na sabuni mu kidonda, dakika 15 ukiangalia saa, siyo kwa kukadiria. Usiweke majivu, usiweke mafuta ya gari, usiweke ile jiwe nyeusi ya kufyonza sumu. Siku ile ile hospitali mukaulize vakseni ya kichaa, na mumalize sindano zote wanaandika. Mbwa aliyeuma musimuue kwa hasira, mumufunge mahali salama na maji na chakula, siku 10 macho ya veterineri iwe juu yake. Akifa ndani ya hizo siku, mutujulishe siku ile ile, na mwenye aliumwa arudi hospitali awaambie.