Kuhusu ile kazi ya ukocha

Mwanangu,

Sisi hatujambo, na goti la mama yako limepoa. Umeuliza kama uache kazi ya bima ukawe kocha msaidizi wa besiboli katika kile chuo kidogo cha Georgia, kwa mshahara usiofika nusu ya unaopata sasa. Mama yako kaniachia mimi nijibu. Anasema besiboli ni yetu sisi wawili.

Tangu nilipousoma ujumbe wako, anayenijia kichwani ni kocha Mike Martin. Wewe umekulia uwanjani kwake hapa Tallahassee, sina haja ya kukusimulia. Misimu 40 na timu ya chuo kikuu cha Florida State, 1980 hadi 2019. Alipostaafu alikuwa ameshinda mechi 2,029, na hakuna kocha wa daraja la kwanza, lile la juu kabisa la michezo ya vyuo, aliyewahi kufika huko kabla yake. Timu zake zilikwenda Omaha, kunakochezwa mashindano ya mwisho ya ubingwa wa vyuo, mara 17, na ubingwa hakuupata hata mara moja. Ile fainali ya 1999 na Miami, 6 kwa 5! Ulilia mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza nani kafariki.

Watu walimsema kwamba mechi kubwa haziwezi. Sikukubali wakati ule na sikubali leo. Buster Posey alianza pale akicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, kisha mwaka 2007 akahamishiwa nyuma ya mpigaji, awe mdakaji. Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kijana humbadilishii maisha namna hiyo kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni. Unamkalisha, unamwambia usoni. Nimelisema hili miaka yote: kocha ni yule anayemwambia mchezaji wake usoni.

Karatasi. Nilijua nitafika hapo tu.

Mwaka wako wa pili chuoni, yule bwana, kocha wako, alibandika orodha ya kikosi kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na jina lako halikuwemo. Ulinipigia kutoka maegesho ya magari. Nikakuuliza, "Kakwambiaje?" Ukasema, "Hajasema kitu, Baba." Miaka miwili umeamka alfajiri kwa ajili yake! Walikupa robo ya ufadhili, nasi tuliuza kiwanja cha Pongwe tujazie ada. Kiwanja hakiniumi. Kinachoniuma ni kwamba ofisi yake ilikuwa hatua chache kutoka mlango ule, naye alikuwemo ndani.

Najibishana na nafsi yangu, nakiri. Enzi zako timu nzima iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 tu wa kugawana, na kikosini mko thelathini na kitu. Kocha afanyeje? Lazima wengine awaache. Haya, awaache. Martin naye kwa miaka 40 lazima aliwaacha wengi, na huenda kuna baba mahali anamkumbuka vibaya kama mimi ninavyomkumbuka yule wa kwako. Lakini dakika tano za kumwambia mtu usoni zinamgharimu nini?

Upande wa mfuko nao nauona. Mpaka katikati ya 2023, kocha msaidizi wa tatu katika daraja la kwanza alikuwa wa kujitolea. Chuo hakikumpa mshahara, akaishi kwa kufundisha watoto kwenye kambi za kiangazi. Hata jina kubwa halikulindi. Martin alipoondoka, mwanawe ndiye aliyeshika timu, na baada ya misimu mitatu wakamwondoa. Kodi ya nyumba yako itategemea mkono wa mrushaji wa miaka 19. Hilo linaninyima usingizi. Halafu nakumbuka ulivyokuwa ukiwafundisha watoto wa jirani kushika gongo, mpaka giza linaingia, nawe huoni shida.

Sasa unangoja niseme nenda au baki. Ulimi unaniwasha kwelikweli, ila nimemwahidi mama yako kwamba sitakuamulia. Basi fanya jambo moja kabla hujatia saini. Mpigie huyo kocha mkuu, umuulize nani pale kwake huwaambia vijana walioachwa, na huwaambia wapi. Akisema kazi hiyo itakuwa yako, muulize kama yeye ataketi nawe chumbani. Kisha nipigie siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako