Barua kwa mwanangu: Yona hakumkimbia Mungu kwa woga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku sote tu wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Umesema mhubiri wenu alifundisha kitabu cha Yona, nabii aliyetumwa na Mungu kuhubiri Ninawi naye akakimbia kwa merikebu; mhubiri akaishia pale samaki anapomtapika Yona pwani, akasema somo ni kutii, basi. Kisha mwenzako wa kazini akakuambia kwamba Agano la Kale ni amri na adhabu tupu, rehema imekuja na Yesu, na sisi Wakristo tukiiona huruma humo tunaichomeka wenyewe. Unaniuliza: Baba, imo, au tunaichomeka?

Imo, mwanangu. Na anayeishuhudia ni Yona mwenyewe, tena kwa hasira.

Mhubiri wenu aliufunga ukurasa mapema mno. Endelea mpaka sura ya nne. Ninawi imetubu, Mungu ameghairi, na nabii amechukia hata anaomba kufa. Hapo ndipo anapotoa sababu ya kukimbilia Tarshishi: "kwa maana nalijua ya kuwa wewe u Mungu mwenye neema, umejaa huruma, si mwepesi wa hasira, u mwingi wa rehema, nawe waghairi mabaya." Hakuogopa kwamba Waninawi wangemuua. Aliogopa kwamba wangesamehewa. Alikuwa anamjua Mungu wake vizuri kabisa, na kule kumjua ndiko kulikompandisha merikebu pale Yafa, akatoa na nauli.

Na maneno hayo hakuyatunga yeye. Ni yale Musa aliyoyasikia mlimani Sinai katika Kutoka 34, baada ya watu kuabudu ndama, wakati mbao za amri zilizovunjika zilipokuwa zinachongwa upya. Fikiri juu ya mahali hapo. Amri inatolewa mara ya pili kwa watu walioivunja, na anayeitoa anajitambulisha kwanza kuwa mwingi wa huruma. Utii na rehema vilishuka pamoja kutoka mlima mmoja.

Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba hoja yake ni ya zamani. Mwalimu mmoja aitwaye Marcion aliifundisha Roma, kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mwingine, si Baba wa Yesu, na kanisa la huko likamtenga mwaka 144. Mwambie pia kwamba Wayahudi, wasiolisoma Agano Jipya kama Maandiko yao, hukisoma kitabu chote cha Yona katika sinagogi alasiri ya Siku ya Upatanisho, siku yao kuu ya kufunga na kuomba msamaha. Wao waliiona rehema humo bila msaada wetu, na sisi tunapaswa kuwaheshimu kwa hilo.

Lakini usimhukumu Yona haraka. Ninawi haikuwa mji wa watu wakorofi kidogo tu. Ilikuwa ya Waashuru, na Waashuru ndio walioangusha Samaria mwaka 722 K.K. na kuwachukua watu wa Israeli mateka. Mfalme wao Senakeribu alipouteka Lakishi wa Yuda mwaka 701 K.K., aliichonga habari hiyo kwenye kuta za jumba lake huko Ninawi: watu wametundikwa juu ya miti, familia zinaondoka na mizigo yao. Mawe hayo yapo hadi leo katika makumbusho ya London. Myahudi aliyesikia kwamba Ninawi imehurumiwa alikuwa na kilio cha haki moyoni. Asiyeyajua hayo hukichukulia kitabu hiki kuwa hadithi ya watoto na samaki.

Sasa angalia utii wake. Katika sura ya tatu Yona anatii: ameondoka, amefika, amehubiri alichotumwa. Miguu imetii yote. Moyo umebaki Yafa. Naye ndiye aliyeimba ndani ya samaki, "Wokovu hutoka kwa Bwana"! Rehema iliyomtoa yeye kilindini ilikuwa tamu. Ilipowafikia jirani waovu ikawa chungu. Nami naona mabaharia wale wapagani walimzidi. Walipoambiwa wamtupe baharini, kwanza walivuta makasia kwa nguvu ili wamrudishe pwani.

Mungu hakumpiga kwa hasira yake. Alimwotesha mtango, akamletea buu, kisha akamwuliza: wewe umeuhurumia mtango usioufanyia kazi, je, mimi nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi? Kitabu kinaishia kwenye swali. Jibu la Yona hatupewi.

Ndiyo maana nisomapo Luka 15 namwona Yona amesimama nje ya nyumba. Katika mfano wa mwana mpotevu, yule kaka mkubwa anasema, "wala sijakosa amri yako wakati wo wote," na anakataa kuingia kwenye karamu ya mdogo wake. Baba anatoka kumsihi, na mfano unaishia hapo, bila kutuambia kama aliingia. Yesu alikuwa anawajibu watu walionung'unika kwamba anakula na wenye dhambi. Watu wa namna hiyo aliwahi kuwatuma wakajifunze maana ya neno la Hosea, "Nataka rehema, wala si sadaka." Neno la nabii wa Israeli, mwanangu. Hakuleta jipya la kuwashangaza. Aliwarudisha kwenye kitabu walichokijua.

Tena soma Matendo 10. Simoni Bar-yona, yaani Petro, yuko Yafa, bandari ile ile. Anatumwa kwa Kornelio, akida wa jeshi la Rumi lililokuwa likiikalia nchi yake. Kwanza, katika maono, alipoambiwa ale wanyama najisi, alisita, "Hasha, Bwana." Lakini asubuhi anaondoka, na akifika anawaambia, "nalikuja nilipoitwa, nisikatae." Safari hii nabii wa Yafa hakutafuta merikebu. Akala na watu wa mataifa, akaamuru wabatizwe, na wenzake Yerusalemu wakamlaumu kwa kula nao.

Soma Yona 4 na Luka 15 siku moja, uyasome kwa sauti. Ukiona mwenzako anasikiliza, someni pamoja, kisha niandikie alivyosema.

Baba yako