Maswali ya Wasomaji: Kichezeo Kikisema, Nani Atamjibu Mtoto?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu vitabu na vitu vya kuchezea vya watoto ambao ndio kwanza wanaanza kusema. Tumechagua tano, na mbili kati ya hizo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu zinabeba maswali ya wengine wengi.

SWALI: Mwanangu ana miezi 13. Rafiki yangu amemletea kichezeo cha betri ambacho kikibonyezwa hutaja majina ya wanyama, huhesabu na huimba. Mtoto anakipenda mno, nami napata nafasi ya kufanya kazi zangu. Sasa nimeambiwa kwamba hakimfundishi chochote. Je, ni kweli? Nikitupe? (Mama wa mtoto wa kwanza)

JIBU: Usikitupe, mama, lakini usikipe kazi ambayo hakiiwezi. Kichezeo hicho kinatamka maneno, na kutamka si kuzungumza. Mtoto wa umri huo hulishika neno pale anapotazama kitu, mtu aliye karibu naye akatambua anachokitazama, akakitaja, kisha akasubiri aone mtoto atafanya nini. Kichezeo cha betri hakijui mtoto anatazama wapi. Kitasema “ng’ombe” wakati mtoto ameshageukia kiatu chake, na neno litapita hewani bila kukutana na ng’ombe yeyote.

Upo utafiti mmoja mdogo ambao huurejea kila ninapoulizwa swali hili. Ulifanywa na Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, na ulichapishwa katika jarida la tiba ya watoto mwaka 2016. Wazazi 26 walicheza nyumbani kwao na watoto wa kati ya miezi 10 na 16, kwa nyakati tofauti, wakitumia vichezeo vya betri, vichezeo vya kawaida na vitabu, huku sauti zao zikirekodiwa. Walipokuwa na vichezeo vya betri, wazazi walisema wastani wa maneno 40 hivi kwa dakika. Walipokuwa na vichezeo vya kawaida, 56. Na walipokuwa na vitabu, 67. Watoto nao walitoa sauti chache zaidi mbele ya vichezeo vya betri kuliko mbele ya vitabu. Hakuna aliyewakataza wazazi hao kusema. Kichezeo kilikuwa kinaongea, nao, kama watu wenye adabu zao, wakakiachia nafasi.

Hata sauti nzuri iliyorekodiwa haizibi pengo hilo. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle walieleza jinsi walivyowasikilizisha Kichina cha Mandarin watoto wa Kimarekani wa miezi 9, katika vikao 12. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwapo chumbani walianza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliopewa mtu yuleyule kwenye video, au sauti yake peke yake, hawakupata chochote cha kuonyesha.

Kwa hiyo, chomoa betri. Utabaki na ng’ombe wa plastiki, mlango unaofunguka na vitufe vya kubonyeza, na yule ng’ombe atahitaji mtu wa kumtolea mlio wake, ambaye ni wewe leo na mwanao baada ya wiki chache. Ukiamua kuziacha betri, hakikisha kifuniko chake kimekazwa kwa skrubu, kwani zile betri ndogo bapa za mviringo zikimezwa na kukwama kwenye umio zinaweza kuuunguza vibaya ndani ya saa 2.

Unapochagua kingine, kishike mkononi na ujiulize: tukiwa na kitu hiki, mimi nitasema nini? Vikombe vya kupachikana vitakupa “ndani”, “nje”, “kikubwa”, “kimejaa”, “hakiingii”. Vipande vya mbao vya kujengea vitakupa “juu”, “bado kimoja” na “mnara umeporomoka!”. Mwanasesere ana macho, ana njaa, ana usingizi, na analia bila sababu. Mpira hutaka zamu, yangu kisha yako, na mazungumzo yote yamejengwa juu ya zamu. Kichezeo ambacho kazi yake ni kubonyezwa tu hukuachia maneno mawili: “bonyeza” na “tena”. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, epuka pia chochote kinachopenya ndani ya kile kiini cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni inapoisha, maana kinaweza kumkaba.

Kuhusu kazi zako, sikulaumu hata kidogo. Muweke karibu na unapofanyia kazi, mpe bakuli na mfuniko wake, na umsimulie unachokifanya. Mkono wako unaendelea na kazi, na mdomo unaendelea na mtoto.

SWALI: Binti yangu wa miezi 8 kila akipewa kitabu anakitia mdomoni, kisha anakichana. Nisubiri afikishe umri gani? (Baba, msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Usisubiri, baba. Katika umri huo mdomo ni kiungo cha uchunguzi, na kutafuna kitabu ni namna ya kukifahamu. Mtafutie vitabu vya kurasa ngumu au vya kitambaa, vyenye picha moja kubwa katika kila ukurasa, na ile karatasi nyepesi iweke juu kabatini kwa sasa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kuwasomea watoto tangu uchanga; mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, ambao ni umbali wa uso wako unapompakata, na picha zenye weusi na weupe uliokolea humvutia.

SWALI: Mwanangu ana miaka 2 na nusu. Nikianza kumsomea anafunua kurasa mbele na nyuma, hataki nimalize hadithi. Tena kila jioni anataka kitabu kilekile, nami nimekichoka. Nitumie njia gani, na ninunue vitabu vya namna gani? (Baba aliyechoka)

JIBU: Mwachie afunue. Mzazi huona hadithi ina mwanzo na mwisho wa kufikia, ilhali mtoto huona picha, na kwenye picha ndiko anakotaka kusimama. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa mwezi mmoja na wazazi wa watoto wa umri wa mwanao. Vitabu vilisomwa nyumbani katika makundi yote mawili. Tofauti ni kwamba kundi moja lilifundishwa kuuliza, kusubiri, na kulirefusha jibu la mtoto badala ya kusoma moja kwa moja. Mwishoni, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao kwa takriban miezi 8.5 katika kipimo kimoja cha kujieleza.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mtoto anaweka kidole kwenye picha na kusema, “Kikombe!” Unamjibu, “Ehee, kikombe. Kimefanya nini?” Unanyamaza, unahesabu kimoyomoyo hadi tano, na hapo ndipo wengi tunaposhindwa, kwa sababu kimya cha sekunde tano mbele ya mtoto ni kirefu kama foleni ya benki. Anasema, “Imeanguka.” Unapokea, “Kimeanguka! Kikombe kimeanguka chini. Nani amekiangusha?” Anatazama ukurasa. “Paka.” “Kweli, paka amekiangusha.”

Angalia ambacho hukukisema. Hukumwambia kwamba amekosea, wala hukumtaka arudie. Hata hivyo, katika sentensi mbili tatu amelisikia “ki” mahali pake mara kadhaa, ndani ya jambo analolitaka yeye mwenyewe. Upatanisho wa ngeli ndio uti wa mgongo wa Kiswahili, na hakuna kichezeo kitakachoufundisha namna hiyo. Kwa sababu hiyo napenda sana vitabu vya kuhesabu na kulinganisha, vyenye kiti kimoja kidogo kisha viti vitatu vidogo, mti mmoja mrefu kisha miti miwili mirefu.

Kuhusu kitabu kilekile, vumilia. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zilezile kwa kurudiarudia walishika maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofautitofauti zenye maneno hayohayo. Mtoto anayejua kitakachotokea ana akili ya ziada ya kushughulikia maneno. Ukichoka, mwambie akusomee yeye, au ruka sentensi moja kwa makusudi uone kama atakuacha.

Unaponunua, soma ukurasa mmoja kwa sauti ukiwa dukani, bila kuona haya. Kitabu ambacho wewe mwenyewe unajikwaa kukisoma, kwa sababu Kiswahili chake kimetafsiriwa neno kwa neno, kirudishe rafuni hata kama picha zake zinang’aa. Vitabu visivyo na maneno kabisa visikutishe. Hivyo hukulazimisha kuzungumza. Vile vyenye vifuniko vya kufunua na sehemu za kuvuta ni burudani nzuri, ila mtoto huvizamia vifuniko na kuisahau picha iliyo chini yake, hivyo nisingevifanya kuwa vitabu vyake vikuu.

SWALI: Mjukuu wangu wa miezi 20 ana makapu mawili ya midoli. Anatoa hiki, anatupa kile, hakuna anachokaa nacho. (Bibi)

JIBU: Shikamoo, Bibi. Ficha kapu moja na nusu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliotolewa mwaka 2018, watoto 36 wa umri unaokaribia wa mjukuu wako walicheza kwa muda mrefu zaidi na kila kitu, na kwa njia nyingi zaidi, walipowekewa vichezeo 4 kuliko walipowekewa 16. Baada ya wiki moja au mbili badilisha vilivyo nje na vilivyofichwa, naye atavipokea kama vipya.

SWALI: Mwanangu ametimiza miaka 2 na anasema maneno kama kumi, bila kuyaunganisha. Nyumbani tunatumia lugha mbili. Je, tuache moja? Na je, kishikwambi chenye programu ya kufundisha maneno kitasaidia? (Mama mwenye wasiwasi)

JIBU: Msiache lugha yoyote, mama. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Kinachotakiwa ni kuhesabu maneno yake ya lugha zote mbili kwa pamoja. Lakini kama kumi ndiyo jumla yake, sitakuambia usubiri. Katika umri wa miaka 2 watoto wengi huwa na maneno 50 au zaidi na wameanza kuunganisha mawili, kama “mama njoo”. Mpeleke akapimwe, na kipimo cha kwanza kiwe cha masikio, hasa kama huugua masikio mara kwa mara, kwani mtoto anayesikia nusu nusu anaweza kugeuka akiitwa na bado akazikosa sauti nyingi za maneno.

Kishikwambi hakitalitatua hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Kabla ya siku ya kwenda, chukua daftari na kwa wiki moja andika kila neno analolisema, la lugha yoyote, pamoja na wakati alipolisema. Kama “bwebwe” ni mbwa kila siku, liandike. Hilo ni neno. Andika pia anachokionyesha kwa kidole na anachokielewa bila kuonyeshwa, kwa mfano ukimwambia “lete kiatu” naye akakileta. Nenda na daftari hilo, kwa sababu mbele ya mgeni huenda asiseme hata neno moja.