Silaha ya maangamizi ziwani: ushauri kwa mwandishi wa riwaya

Ndugu mwandishi, umeeleza kwamba katika riwaya yako magaidi wanachimba urani kusini mwa Tanzania, wanaunda bomu la nyuklia ndani ya ghala jijini Mwanza, kisha wanalivusha ziwani usiku, na umeuliza kwa nini waliosoma rasimu hawakuiamini.

Kasoro iko ghalani. Urani itokayo ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya isotopu ya 235, yaani ile aina ya urani inayohitajika kwa bomu, na kuirutubisha, yaani kuongeza kiasi cha aina hiyo, hadi kiwango cha silaha kunahitaji mitambo ambayo hata serikali nyingi hazina. Heri bomu liwe limeibwa nje ya Afrika likiwa tayari, nawe usijisumbue kueleza lilivyoundwa.

Ziwa ndilo lenye utajiri, lakini umelipitia kwa aya moja. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, taa zao zikielea majini kuvuta samaki, na mbalamwezi inapong'aa wengi hubaki ufukoni. Kwa hiyo gaidi anayetegemea giza anaingia katikati ya mashahidi, ilhali anayevuka kwenye mbalamwezi yuko peke yake lakini anaonekana kutoka mbali. Mpe mpelelezi wako mama mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, anayeijua mitumbwi na wenyewe, ambaye alfajiri anaona chombo kimefika kimedidimia kwa uzito, maji yakikaribia ukingo wake, na hakuna hata ndoo moja ya dagaa inayoshushwa. Ile helikopta ya sura ya mwisho, kwa maoni yangu, iondoe.